UZI: Neno "bure" linatuangusha. Yaliyonipata Lubumbashi nikitetea programu huria

Birotiki_Kasapa (mleta uzi)

Jambo sana kwenu wote, wa Kongo na wa ng'ambo ya ziwa. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Nalileta hapa kwa sababu wengi wenu mnatetea programu huria kama mimi, yaani zile ambazo mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzigawa, na pengine mnajikwaa palepale nilipojikwaa.

Nina birotiki, duka dogo la kuchapisha, karibu na Kasapa: mashine (kompyuta) nne, printa mbili, fotokopi moja. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu wanaokuja na flashi kuchapisha kazi zao za kumaliza masomo. Miaka mingi mashine zangu zote zilikuwa na Windows ya kukrakwa, yaani isiyo na leseni, kama karibu kila mashine ninayoletewa kutengeneza, na virusi vilihama kutoka flashi hadi flashi kama upele. Nimemwona mwanafunzi akilia mbele yangu kwa sababu sura tatu za kazi yake zimegeuka vifaili visivyofunguka. Hapo ndipo nilipohamia Linux Mint, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu huria za ofisi, na sijarudi nyuma.

Basi, shule moja ya binafsi hapa mjini ikaniita. Wana chumba chenye mashine 12 za mitumba zilizotoka Ulaya, nusu hazifanyi kazi sawasawa. Prefe, mkuu wa shule, aliniomba nieleze mbele ya komite ya wazazi nataka kufanya nini. Nilijitayarisha usiku kucha. Nikasimama, na maneno yangu ya kwanza yakawa haya: "Wazazi wapendwa, nimewaletea programu za bure."

Mama mmoja akanyoosha mkono kabla sijafika mbali. "Mwalimu, sisi minervali, ada ya shule, tunalipa. Watoto wetu wafundishwe vya bure kwa nini?" Wenzake wakaitikia. Baada ya hapo kila nilichosema kilikuwa maji juu ya jani la mgomba.

Siku zile nilimlaumu moyoni. Sasa naona alisikia neno ambalo mimi nilikuwa nimeacha kulisikia. Tangu 2019, serikali ilipofuta malipo katika shule za msingi za umma, kila mzazi hapa ana picha kichwani ukimtajia "masomo ya bure": darasa limejaa mpaka watoto wengine wanakaa chini, mwalimu mmoja hajui majina ya nusu yao. Wale waliokuwa mbele yangu ndio waliohamisha watoto wao ili waikimbie picha hiyo. Wanalipa kila mwezi kwa shida. Nami nikaja kuwawekea picha ileile mezani.

Na hata tukiweka shule kando, tulitazame neno lenyewe. Kazi bure. Nimehangaika bure. Mtu bure. Amepigwa bure. Kisicholipiwa, kisicho na faida, kisicho na sababu: vyote vinaishi ndani ya neno moja. Ukimwambia mtu "programu ya bure", sikio lake linachagua, na halichagui unachotaka wewe.

Kosa la pili ndilo ninalolijutia zaidi. Nilipoona naelemewa nikasema: "Lakini hizi Windows mlizo nazo ni za wizi." Prefe akainamisha kichwa. Mzee yule ndiye aliyenunua zile mashine kwa fedha za shule, dukani, mchana, na muuzaji hakumwambia lolote juu ya leseni. Nilimwita mwizi mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Mkutano ukaisha kwa adabu, nikapewa soda, sikuitwa tena.

Nimejiuliza neno lile nililitoa wapi. Si langu. Nililiokota kwa wauzaji wa programu walewale ninaosema nawapinga. Ndio waliotufundisha kuita kunakili "wizi" na "uharamia". Haramia anateka meli kwa bunduki, na "haramu" imo ndani ya jina lake, kwa hiyo hukumu imeshatolewa kabla mtu hajajitetea. Sisemi kunakili kinyume cha leseni ni halali. Kongo ina Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi. Na tusijisahau: leseni ya GPL yenyewe, inayotumiwa na programu nyingi huria, inasimama juu ya sheria za namna hiyo. Lakini kuvunja masharti ya leseni ni jambo moja, kumpora mtu baharini ni jambo lingine.

Sisi wa Katanga tunajua jina linavyoweza kumfunga mtu. Krezeri, mchimba madini, ni yuleyule, sururu ileile: ukimwita mchimbaji wa mkono ana kadi na ushirika, Sheria ya Madini ya 2002 inamtambua. Akivuka mpaka wa eneo alilopangiwa jina lake linakuwa "klandestini", na polisi wa migodi hawamuulizi tena ana watoto wangapi. Tangu asubuhi mpaka jioni hajabadilika yeye, limebadilika jina tu.

Naomba mnisaidie. Ninyi mnasemaje mnapoeleza mambo haya kwa mtu asiye fundi?

Mtoto_wa_Katuba

Yaya, unasema kweli. Miye niko nauzisha matelefone pa soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Batu bakisikia "bule" banauliza: "Iko na shida gani?" Kintu kizuri, mwenyewe anakuombaka makuta. Asipokuomba kitu, unaanza kumuogopa.

Lakini angalia VLC, programu huria ya kuangalia video. Iko mu kila mashini ya Lubumbashi, hata ya bamama ba birotiki. Hakuna mutu anasemaka "hii ni ya bule". Banasemaka tu "fungula na VLC". Njo maana hakuna mwenye kuikataa.

Nyawera_Bukavu

Ndugu wa Kasapa, pole kwa yaliyokupata. Huku Bukavu tumepitia hayohayo, ila sisi tulikuwa na bahati ya kuanza kueleza kwa Kifaransa. Kifaransa kina maneno mawili, "libre" na "gratuit", na hakuna mtoto wa shule anayeyachanganya. Ukisema "logiciel libre" hakuna anayekuuliza habari ya bei.

Tatizo lilianza kwa Kiingereza. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alipotangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huria wa kompyuta tarehe 27 Septemba 1983, neno alilokuwa nalo, "free", lilibeba uhuru na bure kwa pamoja. Amekuwa akieleza tangu hapo kwamba anamaanisha uhuru wa kusema, si bia ya kupewa. Fikiria: zaidi ya miaka arobaini kila hotuba inaanza kwa kuondoa maana isiyotakiwa. Kinachonikera ni kwamba sisi tunatafsiri kutoka Kiingereza, tunachukua ile maana mbaya na kuiingiza katika Kiswahili, wakati Kiswahili kina maneno mawili kama Kifaransa, "huru" na "bure".

Mwanzoni mwa Februari 1998 watu wachache walikutana Palo Alto, California, baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kwamba itatoa msimbo, yaani maandishi ya ndani ya programu, wa kivinjari chake cha intaneti. Christine Peterson akapendekeza jina jipya, lile tunalolitafsiri "chanzo wazi", ili kukwepa utata huo na ili wenye makampuni wasiogope. Makampuni yakaja kweli. Lakini neno uhuru likabaki nje ya mlango, na Stallman hajaacha kulalamika. Mimi naona ana haki.

Watetezi wa Kifaransa wana neno jingine kwa programu zilizofungwa: "privateur", yaani inayokunyima. Napendekeza tuseme "programu za kunyima". Kwetu kumnyima mtu ni jambo zito. Kila mtu ataelewa.

Ubungo_Mwisho

Salamu kutoka Dar es Salaam. Neno mnalolitafuta lipo: huria. Mradi wa Kilinux, hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na istilahi kama hizi zilijadiliwa zamani. Uzuri wa "huria" ni kwamba Watanzania wanalijua kutoka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kila mtu anajua pale unalipa ada. Kwa hiyo hakuna anayesikia "huria" akafikiri "bure". Mnajitesa bila sababu.

Ingawa, nikiwa mkweli, "soko huria" nalo lina wazee wake wanaolinunia tangu miaka ya themanini.

Mtoto_wa_Birere (Goma)

Mimi nitawapinga, mniwie radhi. Umeme unakatika, mega za intaneti ni ghali, mashine ina memori ya giga 2, na ninyi mnabishana juu ya kamusi. Mteja wangu anauliza maswali matatu tu: faili yangu ya Word itafunguka? Printa itatoka? Nikikwama nani atanisaidia? Hajawahi kuniuliza kama ni huru au huria au libre. Nimeona vijana wakigombana saa nzima kama iitwe Linux au GNU/Linux, na mwenye mashine amekaa pembeni anasubiri arudishiwe mashine yake aende nyumbani.

Lakini nitakubali jambo moja, kwa sababu lilinitokea. Shirika moja lililonipa kazi hapa Goma lilikuwa na mkubwa wa usalama. Nikamwambia mfumo wangu ni wa "chanzo wazi". Akashtuka: "Wazi? Yaani yeyote anaingia?" Kwake kitu kilicho wazi ni nyumba isiyo na mlango. Nilihitaji siku mbili kumweleza kwamba kilicho wazi ni ramani ya kufuli, watu wengi wanaikagua, na ufunguo unabaki mfukoni mwake. Sijawahi kulitumia tena neno hilo kwa watu wa usalama.

Wakili_wa_Ziwani

Nachangia kwa upande wa sheria, kwa ufupi.

"Hakimiliki" mnalolitumia wote tayari limechagua upande. Kifaransa husema "haki ya mtunzi". Kiingereza husema, neno kwa neno, haki ya kunakili. Kiswahili kimeweka "miliki" ndani, kwa hiyo anayelisikia anawaza shamba na mwenye shamba. Ndiyo maana "wizi" linafuata kwa urahisi namna ile.

Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Dowling, ilikataa kumhukumu mtu aliyesambaza sahani za santuri zisizo na idhini kana kwamba amesafirisha mali iliyoibwa. Majaji walisema kuingilia haki ya mtunzi hakulingani moja kwa moja na wizi, kwa sababu mwenye haki hajanyang'anywa kitu alichokuwa nacho. Kosa lilikuwapo, ila lina jina lake.

"Miliki bunifu" nalo ni gunia moja lenye vitu visivyofanana. Hataza hulinda uvumbuzi miaka 20. Haki ya mtunzi, kwa Mkataba wa Berne, inadumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo. Alama ya biashara inaweza kusajiliwa upya bila mwisho. Mtu akikuambia "programu yako inagusa miliki bunifu", muulize ni ipi kati ya hizo. Mara nyingi hana jibu.

Birotiki_Kasapa

Asanteni. Nimesoma yote mara mbili, na mara ya pili nikiwa na daftari.

Ndugu wa Ubungo, "huria" nalipenda na nimelitumia kwenye kichwa cha uzi. Lakini hapa Lubumbashi ukilisema, watu wanakutazama tu. Linalojulikana ni "uhuru", nalo hapa lina historia yake. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangazwa kujitenga. Kuna wazee mtaani kwangu ambao neno hilo linawapa furaha, na wengine linawakumbusha kukimbia na virago. Prefe akisikia "uhuru" katika mkutano wa wazazi anatazama kwanza mlangoni. Kwa hiyo nitalitumia, ila si kama neno la kwanza.

Ndugu wa Bukavu, "programu za kunyima" ni neno la kweli. Tatizo langu ni masikio ya anayeambiwa. Yule prefe amefanya kazi na Word miaka ishirini. Nikimwambia amekuwa akitumia kitu cha kumnyima, nimemtukana mara ya pili. Na hapa naona upande wetu una dhambi ileile. Tumewalaumu wale wengine kwa haki: mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati ule, aliifananisha Linux na saratani, na mwaka 2014 mkuu mpya wa kampuni hiyohiyo akasema Microsoft inaipenda Linux. Programu ilikuwa ileile, lakini katikati ya miaka hiyo ni wakubwa wangapi wa ofisi waliogopa kwa sababu ya neno moja la ugonjwa? Sasa sisi tunajibu kwa "utumwa", "gereza", "ukoloni". Mimi mwenyewe nimeyasema. Yanawapa moyo waliokwisha kukubali. Asiyekubali anaona ugomvi wa watu wawili na anarudi kwenye Windows yake.

Kuna istilahi ambazo ningeomba tusiziguse kabisa. Waingereza wana mchezo wa maneno wa kulia na kushoto, "copyright" na "copyleft", kwa leseni zinazolazimisha uhuru uendelee. Niliwahi kusikia mtu akijaribu kuupeleka katika Kiswahili na mkono wa kushoto. Jamani, kwetu kitu ukimpa mtu kwa kushoto umemdharau. Tusitafsiri mchezo ule. Tuseme tu: ukigawa, mgawie mwenzako na ruhusa ulizopewa wewe.

Na majina mengine yanafungua mlango yenyewe. Mnakumbuka zile sidii za Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, zilizokuwa zikitumwa kwa posta mpaka 2011? Mzee mmoja Mluba alisoma jina kwenye bahasha, akacheka kwa furaha, akasema, "Hii ni bumuntu," yaani utu. Sikuhitaji kumweleza chochote kuhusu roho ya kazi ile. Alinieleza yeye.

Mtoto wa Birere, una haki kuhusu yale maswali matatu, na nimeyaandika. Lakini kazi ile sikuikosa kwa sababu ya umeme wala mega. Mashine zilikuwa zinawaka. Niliikosa kwa maneno mawili, "bure" na "wizi", na yote mawili yalitoka mdomoni mwangu.

Nilichoamua ni hiki: kuacha kutafuta neno moja na kusema vitendo. Zile ruhusa nne zinasemeka vizuri kwa Kiswahili cha sokoni. Unaitumia kwa kazi yoyote. Unaifungua uone inavyofanya kazi, na ukiweza unairekebisha. Unamnakilia jirani. Ukiirekebisha, unawagawia watu hiyo uliyoirekebisha. Na unaruhusiwa kuuza! Hili lazima lisemwe mapema ili "bure" isipate pa kukaa. Mwaka 1985 Stallman mwenyewe alikuwa anauza tepu za Emacs, programu yake huria ya kuandikia, kwa dola 150. Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya programu huria, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Mimi pia nitalipwa na shule kwa kuweka, kufundisha na kurudi kutengeneza, na nitaandika bei kwenye karatasi. Nadhani mama yule alitaka kuiona bei.

Na kuna kisa cha printa. Karibu mwaka 1980, maabara aliyofanyia kazi Stallman kule chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa ya Xerox iliyokuwa inakwama karatasi. Ile ya zamani aliweza kuirekebishia programu yake iwajulishe watu karatasi ikikwama. Hii mpya hakupewa msimbo, na mwenzake wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu aliahidi kutoutoa. Hakuna mtu aliyewahi kuingia birotiki yangu asiyejua uchungu wa printa iliyokwama. Nikikisimulia, wanakuja wenyewe kwenye hoja: yaani kitu ni chako, kimeharibika, unajua kukitengeneza, na hauruhusiwi?

Nyawera_Bukavu

Hapo kwenye printa umenishinda. "Programu za kunyima" nitaliacha kwa mikutano yetu wenyewe. Lakini usiliache "uhuru" moja kwa moja, nakuomba. Tukisema vitendo tu miaka kumi, watoto wetu watajua kunakili na kurekebisha bila kujua kwa nini mtu alihangaika kuwapatia ruhusa hiyo.

Birotiki_Kasapa

Nakubali. Litakuja, ila mwishoni mwa somo, mtu akiwa ameshashika mashine mkononi.

Nawaletea habari pia. Jana nilikwenda kwa prefe, nyumbani, si shuleni. Sikubeba flashi wala karatasi. Nilimwambia: "Papa, siku ile nilikuaibisha mbele ya wazazi. Neno lile halikuwa haki yako." Alikaa kimya, akamwita mtoto alete chai. Kisha akaniuliza swali la Mtoto wa Birere, lile la kwanza kabisa: kama orodha za pointi za wanafunzi, alizoandika kwa Excel tangu zamani, zitafunguka. Nikamwambia nyingi zitafunguka, zile zenye makro, amri za kujiendesha zenyewe, tutazikagua moja moja, na zitakazokataa nitamwambia ukweli. Amenipa mashine mbili za kujaribu, zile mbovu kabisa, na ameomba maelezo ya ukurasa mmoja kwa komite. Nimeandika hivi, mnirekebishie:

"Programu hizi shule inaruhusiwa kuziweka kwenye mashine zote bila kuhesabu, kuwapa wanafunzi waende nazo nyumbani, na kuzirekebisha. Ruhusa hiyo imeandikwa na haina mwisho. Shule italipa kazi ya fundi: kuziweka, kuwafundisha walimu siku tatu, na kuzikagua kila mwezi. Bei iko chini."

Wakili_wa_Ziwani

Ni nzuri. Baada ya "ruhusa hiyo imeandikwa" ongeza "katika leseni tutakayowaachia nakala yake". Wazazi wanaamini karatasi wanayoweza kuishika.

Mtoto_wa_Birere

Neno bure halimo kabisa. Sawa. Weka na namba yako ya simu, lile ndilo jibu la swali la tatu. Na usiweke mazingira mazito kwenye mashine za giga 2, tumia Xfce, ni mepesi.

Mtoto_wa_Katuba

Yaya, utaenda siku gani? Miye niko na flashi mbili za giga 16 na kable ya umeme ndefu.

Birotiki_Kasapa

Siku ya Posho (Jumamosi), saa tatu asubuhi, unikute birotiki. Kable njoo nayo, pale shuleni priza iko moja tu.